Mgongo wa Mwewe

Kule kwenu mwewe mnamwona tumbo.
Hapa Newala, ukingoni,
pale ardhi inapokatika kama mkate
na bonde la Ruvuma likaanza chini ya vidole vyako,
sisi twamwona mgongo.

Nilikuwa nimetua ndoo juu ya jiwe,
nusu ya mpando imebaki, kata ya kanga bado kichwani.
Akapita chini yangu.
Kahawia, unyoya mmoja pungufu bawa la kushoto,
na ule mkia wa panda
akiupinda taratibu kama dereva wa lori la korosho kwenye kona.
Niliona haya,
kama niliyemkuta mkwe akioga.

Kwale humfikirii mpaka umkanyage.
Anakaa, anakaa, rangi ya majani makavu ya mkorosho,
halafu frrr!
Yeye na moyo wako mnaruka pamoja.
Yeye anatua hatua thelathini mbele,
moyo unachelewa kurudi.

Baba, Mfaume Nandonde, alitega kwale miaka yote
kwa nyuzi za katani na punje za mtama.
Mwewe hakumtega.
"Nyama ya mwewe," alisema, "ni kiburi na mifupa."
Lakini mwewe ndiye aliyemchonga mlangoni,
na siku kaka yangu Likapa alipopata kazi bandarini Mtwara
alimwita mwewe mbele za watu.
Mimi wa kupalilia, wa kuokota mabibo, wa kushuka kisimani,
sikuitwa ndege yeyote.
Kwale tulimla na ugali wa muhogo,
tukanyonya hadi vidole.
Hakuna aliyemchonga.

Mwewe ana macho, sibishi.
Ila kila anachokiona kiko chini,
na akishuka kukifuata
anakuwa mwizi wa vifaranga
anayerushiwa magunzi na watoto.
Kwale ana miguu. Hukimbia kwanza;
kuruka kwake ni akiba, hakutoi ovyo.
Nimemwona akijifanya bawa limevunjika,
akijiburuta mbele ya mbwa wa Chitanda
hadi mbwa akasahau makinda yalikuwa wapi.

Akapita mara ya pili, chini zaidi,
kivuli chake kikiteleza juu ya vilele vya miti.
Nyuma yangu kwenye nyasi kitu kikakwaruza, kikanyamaza.
Sikugeuka. Nilimjua.
Tukakaa hivyo, sisi wawili wa chini,
tukimtazama mgongo,
mpaka maji kwenye ndoo yakatulia.

Kisha nikajitwika.