Aya ya Nane

Miaka kumi na mmoja nimepiga chapa ndoa za watu zikivunjika,
hapa mkabala na mahakama ya Tororo:
kibanda cha mabati, kompyuta moja,
betri ya gari kwa siku ambazo umeme umekwenda.
Maombi ya talaka ni kurasa nne.
Nayajua kama padri ajuavyo ibada ya mazishi.

Kwanza jina na makazi ya mwombaji.
Kisha tarehe, kanisa, nambari ya cheti.
Kisha mliishi wapi.
Kisha watoto, kwa kufuatana kuzaliwa;
aliyekufa naye huandikwa, wengi huniruka hapo,
nami huwauliza polepole, macho kwenye kioo.

Leo nimefunga mlango nusu.
*Nyaketcho Perusi*, naandika, *mwombaji*,
na jina linatoka kama la mteja
aliyefika kutoka Mulanda na vumbi miguuni.

Sababu. Andika wazi, wakili alisema,
hakimu si mganga, hapigi ramli.
Basi nikaandika: mjibu maombi alihamia Malaba,
mwaka wa tatu sasa, bila ya kurudi, bila ya matumizi.
Sikuandika kwamba koti lake bado liko msumarini,
na kwamba nimelifua mara mbili.

Aya ya nane:
*Hakuna njama kati ya mwombaji na mjibu maombi.*

Kidole kikasimama.

Njama, Ofwono?
Wewe na mimi tulikuwa njama tupu.
Nani alimficha kaka yako ghalani, chini ya magunia ya mtama,
wenye deni wakigonga mlango?
Nani alimwambia shangazi tumefunga Kwaresima,
na mifupa ya kuku ingali na joto chini ya majivu?
Wenye lugha wanasema njama huliwa.
Tulizila, sahani moja, mikono miwili.
Na sasa naapa mbele ya kamishna wa viapo
kwamba sahani ni kavu.

Nikaapa. Ilikuwa kavu.

Nikalipa benki, nikapanga foleni masijala,
karani akagonga muhuri bila kuinua uso
(mimi, ambaye humpa chai kila Jumatatu).
Tarishi akaenda Malaba kwa pikipiki na hati ya wito,
akarudi na sahihi yako,
ile *f* yenye mkia mrefu kama mjusi.

Siku kumi na tano za kujibu.
Siku ya tisa ukasimama mlangoni kwangu, bahasha mkononi,
mvua ikikutiririka shingoni.
"Wamesema wa hapa ndiye huandika vizuri."
"Siwezi," nikasema. "Nikikuandikia, hiyo ndiyo njama yenyewe."
Ukacheka. Nami nikacheka,
kicheko ambacho mahakama isingekipenda.
Nikakuelekeza kwa Wandera, kibanda cha tatu:
yeye hukosea majina, soma kabla ya kutia sahihi.

Wajomba zako walikuja kuulizia ng'ombe watano.
Niliwaambia mahari hairudishwi tena, Mahakama ya Juu ilishakata shauri.
Wakanywa maji, wakaondoka.

Sasa nina amri ya muda.
Miezi sita, ndipo ije ya kudumu,
na kabla ya hapo niolewe na nani, hata nikitaka?
Wanawake wameniuliza miaka yote, karatasi hiyo mkononi:
"Kwa hiyo mimi ni nani kwa sasa?"
Nilikuwa nikijibu, "Subiri," huku nikihesabu chenji.
Jana ameuliza mmoja, mjamzito, wa Osukuru.
Nimemvutia kiti. Jibu sikuwa nalo.

Koti nilimpa Wandera akukabidhi siku ile ya mvua,
na vifungo viwili nilivyokuwa nimevishona upya.
Hilo
halimo katika aya yoyote.