Majani ya Baridi

Mwezi wa kumi, joto likikubali kushuka,
Sajeevan hupanda majani ya baridi
juu ya yale ya kiangazi yaliyoungua.
Mbegu huja kwa magunia, zimesafiri kuliko mimi.
Siku nane, na uwanja wa klabu unachipua
kijani cha haya, kama ndevu za mvulana.

Mimi niko kaunta. Napokea ada.
Dhahabu, fedha, familia, mjane
(ndiyo, wajane wana daraja lao, punguzo robo).
Kadi mpya zinatoka mashineni zikiwa za moto
na wenyewe wanarudi walikokimbilia jua:
Bi Raiya kutoka Salala, mtandio ungali na harufu ya manyunyu,
Bwana Dougal kutoka kwao, mweupe upya kama sahani.
Bwawa limeshapoa? wananiuliza.
Mwezi wa sita tulilitia barafu, gari zima,
ikayeyuka kabla dereva hajatia saini risiti.

Ratiba naibandika mwenyewe.
Jumatatu, tenisi ya akina mama. Alhamisi, nyama choma.
Desemba, usiku wa darubini, watoto waone pete za Zohali.
Ramadhani, meza ndefu za futari,
na safari hii pana mkate wa ufuta na uji wa pilipili manga,
maana nusu ya kamati imezaliwa Unguja
au imelelewa na aliyezaliwa Unguja,
na huku Fanja tumbo halisahau.

Mbuzi hawamo kwenye ratiba.

Walikuja usiku wa tisa,
kumi na wanne, pale ukuta unapoupisha mfereji wa falaji.
Alfajiri Sajeevan alinipigia simu, hakusema neno.
Alinisikilizisha tu:
kama watu wengi wanachana karatasi
bila haraka.

Kamati ikakaa. Chai, biskuti, kumbukumbu za kikao kilichopita.
Mwenyekiti akataka waya wa umeme.
Bwana Dougal akataka mbwa.
Mhazini, Bwana Mahfudh, ambaye akighadhibika
Kiarabu humtoka, Kiswahili cha Ng'ambo kikamwingia,
akapiga meza: "Mbuzi hula urefu wa kamba yake!
Hawa kamba yao iko wapi?"
Tulioelewa ni mimi na Bi Raiya.
Yeye alitazama kadi yake ya dhahabu, akaigeuza kifudifudi.
Mimi nikaandika: Suala la kamba lilijadiliwa.

Nikatumwa kwa mwenye mbuzi.
Zahwa binti Khalfan, nyumba ya tatu baada ya mitende,
cherehani mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.
Nikampa barua yenye nembo. Akaisoma yote, hata sanduku la posta.
"Mbuzi wangu wanafuata njia ya mama zao," akasema.
"Ukuta wenu una umri gani?"
Miaka sita.
Akahesabu kwa vidole, nadhani vizazi, si miaka.
"Na hiyo kadi ya familia, inachukua wangapi?"
Sita.
"Mimi ninao kumi na wanne."
Hakucheka. Nami sikujua kama nicheke.
Akanimiminia kahawa, tena, na tena,
mpaka nikakumbuka kutikisa kikombe.

Ukuta ukazibwa, mfereji ukawekewa nondo.
Sajeevan akapanda upya, Desemba tukaiona Zohali,
au nukta tuliyoambiwa ni Zohali,
na mashindano ya baba na mwana yakavunjika kwa ugomvi wa mababa.

Sasa ni Aprili. Wanachama wanaulizia nauli,
majani ya baridi yanageuka rangi ya mkeka.
Kila Jumapili Sajeevan hukata yaliyobaki,
huyapakia kwenye toroli, hupita langoni,
hukata kushoto penye mitende.
Mlinzi anataka hati. Hati natia saini mimi:
Taka za bustani. Magunia manne.
Jana yalikuwa matano.
Penye "daraja la mpokeaji"
nimepaacha wazi.