Pasi

Niliikuta ndani ya suruali ya kupandia mlima,
mfuko wa pajani, wenye zipu,
sabuni ikiwa imeshakolea:
kitabu cha buluu chenye tai wa dhahabu,
kimevimba kama mkate uliotumbukia chai.

Mimi ni dobi. Nafua nguo za wageni
nyuma ya hosteli ya Mama Ndetaramo, Rau, Moshi,
na katika lugha yangu pasi ni pasi:
hii ya mkaa, inayonyoosha kola,
na ile nyingine, inayonyoosha njia.
Sikuwahi kuzishika zote mbili kwa wakati mmoja
hadi Jumanne ile.

Mwenyewe, Bwana Wendell wa Nebraska,
alishuka ngazi na soksi,
magoti bado yanalalamikia mteremko wa Mweka.
Nilitegemea kelele. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akasema pasi hiyo aliichukua na miaka sitini na miwili,
baada ya kumzika mkewe.
Kwao, akasema, mtu huendesha gari siku mbili
asiufikie mwisho wa mahindi,
na kaka yake alimuuliza mezani, mdomo umejaa nyama:
"Umepoteza nini huko nje?"
Muhuri anao mmoja tu, wa uwanja wa KIA.
"Uokoe huo," akaniambia. "Kurasa nyingine hazina kitu."

Liesbet wa Ubelgiji, aliyekuwa akipaka losheni barazani,
alicheka hadi akakohoa.
Sitini na miwili! Yeye ya kwanza alipewa kabla hajaota meno.
Yake hulala begini na mswaki na maganda ya karanga;
kwao unakunywa kahawa nchi moja,
unaenda haja ndogo nchi ya pili,
wala hakuna wa kukuuliza jina la babu yako.
Alisema bila kujigamba,
kama mtu anavyosema maji yanatoka bombani.

Kutojigamba kule ndiko kulikonichoma.

Kwa sababu mimi pia ninayo.
Hawakuuliza, sikusema.
Niliichukua mwaka ule Ndeonansia, mtoto wa dada yangu,
alipohitimu Gothenburg akaniletea mwaliko.
Nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar na bahasha:
barua ya mtendaji, karatasi za kihamba,
picha ya ng'ombe wawili, mmoja kageuza kichwa,
taarifa ya benki yenye fedha za kufulia, vumbi kwa vumbi.
Dirishani binti aliuliza nina nini cha kunirudisha.
Nikamwambia migomba.
Akaandika muda mrefu kuliko neno migomba.
Baada ya wiki tatu jibu:
hawajaridhika kwamba nitarudi.

Mimi, ambaye nikilala Boma Ng'ombe usiku mmoja
naota mbwa wangu hajala.

Na hawa, nani aliwauliza migomba yao?

Basi. Nilipunguza makaa, nikaijaribu pasi kwa mate,
nikatandika kitambaa cha pamba juu ya ukurasa,
nikakandamiza, nikanyanyua,
ukurasa kwa ukurasa, kama gauni la kipaimara.
Picha yake ilijikunja kidogo shavuni.
Wino wa muhuri ulitanda, zambarau,
lakini ukikaza macho, Kilimanjaro ilisomeka.
Sijui kama mashine za huko zitaikubali.
"Wakiikataa, ubalozi utanipa nyingine," alisema,
sauti ya mtu anayezungumzia kifungo cha shati.
Kisha akaubusu ule muhuri, upesi,
akidhani nimegeuka kuchochea jiko.

Usiku nilifungua kopo la biskuti.
Yangu haina kunyanzi. Haijawahi kulowa hata jasho.
Imebakiza miezi minne.
Nikaitia noti ya dola tano aliyonipa
katikati, ukurasa wa kumi na saba,
mgeni wa kwanza kuingia humo.
Sikumuuliza atarudi lini kwao.