Utepe

Wete, saa mbili asubuhi, kliniki ya sukari.
Nesi Mize kanizungushia utepe kiunoni,
wa njano, kama ule ninaowapimia watu kanzu za Idi.
Tisini na nane, akaandika.
Sikushangaa. Kiuno changu nakijua kwa mashono:
gauni hili nimelifumua ubavuni mara tatu.

Hakuuliza usingizi. Nikamwambia mwenyewe:
tangu mfungo sita silali,
na nikilala, kuamka ni kujichimbua.
Cherehani nimeifunika shuka jeupe,
wapitao barazani huuliza, kafa nani?
Hakufa mtu.
Ni mimi tu, usiku, na halua aliyoniletea dada
ili nichangamke;
naila gizani, bila kuusikia utamu,
hadi kijiko kinakwaruza ukili wa kikapu.

Kalamu ikasita.
Akavuta kiti karibu, si cha kwake, cha mgonjwa.
Hii dawa yako ya sonona, akasema,
kwa wengine huongeza mwili, na sukari hupanda nayo.
Usiiache ghafla. Ipo nyengine, tutamuuliza daktari.
Na kwenye kadi yangu, chini ya sukari na presha,
akachora mstari mpya kwa rula,
akaandika: *moyo*.
Hakujua aweke namba gani. Akaacha wazi.

Nikarudi kwa miguu mpaka Jadida,
nikipumzika kila penye kivuli.
Shuka nikaliondoa.
Sikushona kitu.
Nilitia tone la mafuta tu,
nikalizungusha gurudumu kwa mkono,
nikalisikiliza.