Sentensi Saba

Nimezihesabu. Saba.
Filamu ya saa mbili na dakika ishirini,
na shujaa wetu, huyu tuliyepigiwa ngoma mwaka mzima kwamba anakuja,
kapewa sentensi saba,
mojawapo "Asante sana",
anamwambia simba.

Mimi ndiye sauti.
Chumba changu kiko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
nyuma ya Mbelwa fundi cherehani.
Godoro nimelisimamisha dirishani lizuie honi na majogoo,
maikrofoni nimeivika soksi.
Humo nawatafsiria watu wanaoruka.
Wakisema maneno kumi, mimi ishirini;
wakinyamaza, nawasalimia Makorora na Mabawa.

Shujaa wetu joho lake ni kanga.
Waliomvisha waliipenda rangi.
Wakamfunga juu chini,
nami nikasimamisha picha, nikapinda shingo, nikasoma jina:
MUME NI WANGU, KELELE NI ZENU.
Ndivyo alivyokwenda kuuokoa mji wa maghorofa,
kijembe cha mke mwenza kikipepea juu ya mabomu.

Siku ya kwanza banda zima lilivunjika mbavu.
Bi Mwanakheri wa mihogo alicheka hadi machozi,
kisha akajifuta, akasema: Lakini ni kanga.
Lakini kaivaa.
Akakaa mpaka majina ya mwisho yakapita,
na kusoma hajui.

Huko kwenye simu kulikuwa kunawaka moto.
Mmoja anasema filamu imeharibiwa,
shujaa hawi hivi, turudishieni yule wa zamani.
Wa pili analia kwa furaha, kwa herufi kubwa.
Wa tatu anamtukana wa pili kwa kulia.
Mpwa wangu Semboja, wa Chumbageni,
hajaiona hata dakika moja,
ana hasira tangu Jumatatu.
Hasira ya nini? nikamuuliza.
Akasema bado anasoma.

Na wenye mali wanahesabu.
Hasira ni tiketi.
Machozi ni tiketi.
Kanga juu chini nayo tiketi.
Sisi tukijua tumealikwa karamuni,
kumbe tulikuwa ua la pembeni kwenye kadi.

Basi nikafanya nilichofanya.
Pale anaposimama juu ya daraja, upepo tu na ngoma,
nikamtilia maneno.
Aseme kwao ni Duga.
Aseme mama yake anadaiwa kodi ya miezi mitatu.
Aseme kanga hii si joho, kaiazima,
na sharti irudi kabla ya Ijumaa, kuna harusi.
Nikampa na jina, Zawena,
maana lile walilompa lilikuwa mlio, si jina.

Hapo nami nikapata changu.
Sauti yangu ilisambazwa hadi kusikojulikana,
msomi mmoja akaandika kwamba nimepotosha kazi ya watu.
Nimepotosha, sikatai.
Kitu kimekuja juu chini,
nimekipindua mara ya pili.

Kidawa, binti wa Bi Mwanakheri, ana miaka tisa.
Alifunga kanga ya mama shingoni
akaruka kutoka ukuta wa gereji.
Goti likachubuka lote.
Hakulia. Alikuja kwangu anachechemea, anauliza
kama damu hutoka kwenye kanga
kabla ya Ijumaa.

Jana usiku nimeletewa sehemu ya pili.
Kelele zimesikilizwa:
wamemuua dakika ya nne.
Hana hata sentensi.
Yule wa zamani anamtazama akianguka, anakunja uso,
anaendelea na safari.
Waja leo, waondoka leo, twasema hapa Tanga,
lakini sisi twasema kwa mgeni tunayetaka abaki.

Nimebonyeza kitufe.
Yuko hewani, mguu mmoja umeshaacha daraja,
kanga imefunika nusu ya uso,
na safari hii hawakuandika chochote juu yake, ni maua matupu.
Koo limekauka. Soksi ya maikrofoni inanuka.
Kidole hakijaondoka kwenye kitufe.

Mlangoni Kidawa anagonga na mia tano yake,
anauliza Zawena anaanza saa ngapi.