Nimetoka Eda, Nimerudi Kazini

Usiku wa kwanza baada ya eda
Mwakio alinipokea langoni Changamwe.
Hakunipa pole. Alinipa funguo za stoo,
akasema: Sanduku lako liko palepale.

Kilo ishirini na tatu,
na ukubwa haupiti sufuria ya wali wa watu wanne.
Nyevu, mwanafunzi wetu mpya, alitaka kulivuta;
likamvuta yeye.
Akacheka, kisha akashika kiuno.
Mna nini humu, dada?

Mna wawili.
Katikati imo iridi, ndogo kuliko punje ya mbaazi,
hiyo ndiyo hupiga picha ndani ya chuma,
tukajua fundi alichomelea bomba au alipaka tu.
Hiyo kali. Ukiishika leo,
vidole vitakuja kukudai kesho.
Na hii iliyoizunguka, inayoizuia isitoke,
ni urani.

Akarudi nyuma hatua tatu.
Wote hurudi nyuma hapo.

Nikamsomea kama Famau alivyonisomea mimi
miaka ile tulipokuwa hatujaposana:
protoni tisini na mbili,
nyutroni mia moja arobaini na sita,
jumlisha, ndilo jina lake.
Chimba urani elfu moja,
mia tisa tisini na tatu ni hii;
zile saba ndizo zenye sifa mjini.
Nzito kuliko risasi, mara moja na nusu na zaidi,
na chembe inazotema
hazipenyi karatasi ya kufungia halua.
Usivute vumbi lake, usile juu yake, basi.
Dawa ya moto ni moto.

Sikumwambia yote.
Sikumwambia kwamba mwisho wa safari yake,
hatua kumi na nne, bila kusukumwa na mtu,
urani huwa risasi yenyewe, ile laini ya kuzamisha nyavu;
na kwamba wako walioshindwa kusubiri
wakaifanya risasi kwa siku moja,
ile nyingine, ya kutoboa vifaru.
Wala kwamba ndani ya tanuri la nyuklia
humeza nyutroni moja ikazaa plutoni.
Usiku ulikuwa mfupi, na bomba lilikuwa refu.

Iridi hupungua nusu kila siku sabini na nne.
Mimi nilikaa miezi minne na siku kumi Kibokoni,
bila wanja, bila udi,
nikihesabu honi za meli zinazoingia Kilindini.
Nilipoipima usiku ule haikufika theluthi.
Picha ya dakika nne
sasa yataka karibu kumi na nne.

Bi Mwanasiti, mama yake Famau, aliniambia:
Huzuni hupungua, mwanangu. Leo nusu, kesho nusu ya nusu.
Sikumuuliza: huzuni ya namna gani, mama,
maana ziko za namna mbili ninazozijua,
na hii nyingine nusu yake
ni miaka bilioni nne na nusu.
Eda yangu nzima
haikujua hata kwamba nilikuwa sipo.

Na imo ukutani kwetu.
Matumbawe yaliinywa baharini yakiwa hai,
chembe tatu katika milioni,
kisha yakakatwa, yakajengewa nyumba.
Kaburi la Famau limechimbwa katika jiwe hilohilo.
Nimewahi kupeleka kipimo pale, Ijumaa, sikumwambia mtu.
Kilitatarika kidogo, kama popote.

Punje mpya ya iridi inakuja Jumatano, kwa ndege.
Sanduku halibadilishwi.

Tulitandaza kamba nyekundu, tukajificha nyuma ya tangi.
Nyevu alishika saa.
Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Rudisha, nikasema.
Akazungusha mkono wa chuma,
iridi ikaingia kwa mlinzi wake,
na kipimo kikashuka, kikashuka,
kisinyamaze kabisa.