Ndimu

Mimi ndimi niliyemla uso.
Si mvua ya Entebbe, kama wasemavyo ofisini,
si kinyesi cha korongo wanaolala kwenye mvule,
wala si ule mwaka wa askari na shabaha za mchezo:
wao walichukua vidole viwili tu, mkono wa kushoto.

Uso ni mimi. Kwa ndimu.

Siku ya kwanza ya kibarua, manispaa
walinipa fagio, ndoo, na neno moja: safisha.
Nami kwetu, tangu kwa mama,
sinia la shaba likishika koga husuguliwa kwa ndimu na majivu
hadi ujione meno.
Nikamwona yule msichana wa marumaru, amepiga goti,
kijani hadi mashavuni kama aliyelazwa topeni.
Nikamwonea huruma. Nikakata ndimu.

Jiwe lilichemka. Povu dogo, sauti ndogo,
kama mtu aliyetaka kusema akaghairi.
Likatoka jeupe! Jeupe kama tui.
Nikarudi kila Ijumaa kabla ya swala, miaka kumi na tisa,
naye akizidi kung'aa, akizidi kuondoka:
kwanza kope,
kisha ule mkunjo kando ya mdomo
ambao fundi wa ng'ambo, nadhani, aliuiba kwa mtu aliye hai,
kisha herufi za miguuni, moja moja,
punje za mtama mbele ya kuku asiye na haraka.

Leo amekuja mzee wa Kigoa, na mkongojo,
na kijana wa kumshika mkono.
Anamtafuta shangazi wa baba yake.
Wamepita safu nzima, wakarudi, wakapita tena.
Mbele ya msichana wangu mzee akasimama,
akapapasa jiwe kama mtu atafutaye swichi gizani.

Ningeweza kunyamaza. Mvua haijitetei.

Lakini jina nilikuwa nalo mimi. Lingekwenda wapi kwingine?
Hapo ndipo nilipojifunza kusoma, kwa kidole na kitambaa.
Nikaweka ndoo chini, nikasema:
Ermelinda Furtado. Miaka kumi na saba.
Alishuka melini Machi, akafa Juni.
Na mstari wa mwisho, wa Kireno,
nikautamka kama ninavyoutamka peke yangu,
sauti tupu, bila kujua maana.

Mzee akashika mkongojo kwa mikono miwili.
Akaomba nirudie. Nikarudia.
Kijana akaandika, akakosea, nikamtajia herufi.
Sikuuliza mstari ulisema nini.

Mama yangu yuko Kitoro, udongo mtupu,
mawe mawili, kichwani na miguuni,
na nyasi ninazofyeka mwenyewe kila Shaabani.
Pale hakuna uso wa kuharibu.
Nilikuwa nikidhani ni umaskini.

Walipokwenda nikachota maji. Maji matupu.
Koga imeanza tena, chini ya kidevu.
Nimeiacha.